Wimbo wa Mashine ya Mwanza

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisalimie hewa, nikashindwa. Ilikuwa Nyalikungu, pale Maswa, katika chumba kilichonuka gunia na mafuta ya taa. Soko huria la pamba lilikuwa bado jipya. Vyama vya ushirika havikuwa tena mnunuzi pekee, na kampuni za watu binafsi zilikuwa zinachipuka kila msimu, nyingine zikifa kabla mkulima hajayajua majina yao. Yetu ilikuwa na mizani mitatu, lori moja, gari dogo jeupe, na redio ya upepo. Mkuu wa Kituo, mtu mnene aliyestaafu ushirika, alinikabidhi maiki na kusema, "Bonyeza, sema, achia, sikiliza. Ukisahau kuachia, utajisikiliza mwenyewe tu."

Nilibonyeza, nikakaa kimya. Sikuweza kusema na mtu nisiyemwona. Mimi ni mwoga, na hilo naliweka wazi mapema ili msomaji asinitafutie ushujaa usiokuwapo. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa mtu anayekuja bila kuita. Siku ile niliokolewa na mwendeshaji wa redio wa Mwanza, aliyekuwa ameambiwa kwamba karani mpya ni mwanamke, na aliposikia mlio wa maiki bila maneno alisema kwa upole, "Mwangaluka, mayu." Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi kwa mama, na mama yeyote wa Kisukuma akisalimiwa hivyo mdomo hufunguka wenyewe. Nikaitika. Akaniuliza nimetokea wapi, mimi ni mtoto wa nani, watu wazima, ng'ombe wazima. Nikajibu yote. Tulipomaliza nilikuwa mfanyakazi.

Nawaeleza vijana jambo hili la salamu kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Redio ya upepo haina siri. Ukisema neno ukiwa Nyalikungu, yeyote mwenye redio kama yako kwenye masafa hayo analisikia, awe padri, mwenye duka au kampuni shindani. Tulichokuwa nacho cha kutulinda ni sauti. Salamu ndefu ilinipa muda wa kumsikiliza mwenzangu: anavyokohoa, anavyovuta neno, anavyowaulizia ng'ombe. Mtu mwingine asingeweza kuniigizia sauti ya yule bwana wa Mwanza mpaka mwisho wa salamu.

Baada ya misimu michache nilihamishiwa Bariadi, ofisi kubwa zaidi, chini ya Meneja. Huyu alikuwa mwembamba, mwepesi wa hasira, na mchapakazi kuliko sisi sote, sitamsema vibaya. Alikuwa na vituo vya kununulia vijijini, kikubwa kikiwa Kasoli, na vyote vilinunua kwa fedha taslimu. Mkulima wa wakati ule alikuwa amechoka na ahadi. Ukimpimia pamba bila kumlipa papo hapo, anafunga mzigo wake na kuvuka barabara kwa mshindani. Kwa hiyo gari jeupe lilibeba fedha karibu kila juma, na Mwanza ndiko kulikotoka ruhusa: litoke lini, lipite wapi, lifike kituo gani.

Ruhusa hiyo ilipitia redioni, na kwa kuwa redio haina siri, wakubwa wakatunga fumbo. Gari likiwa linaondoka kwenda Kasoli tuliambizana, "Dume jeupe limekwenda kunywa maji." Ofisi nzima tuliliona fumbo zuri, nasi wote tumekulia mkiani mwa ng'ombe. Hakuna aliyefikiri kwamba karani wa Kasoli alikuwa anafungua kipaza sauti cha redio uani, mbele ya wakulima waliokaa juu ya magunia yao. Na watu wa huku ukiwatajia ng'ombe, wanasikiliza kwa makini kuliko wanavyosikiliza taarifa ya habari. Wazee wa Kasoli walianza kumuuliza karani habari za dume hilo. Mbona linakwenda kisimani asubuhi mapema, wakati ng'ombe hunyweshwa jua likipanda? Mbona linakwenda peke yake, bila kundi? Mwenyewe ni nani, ili wakamshauri? Karani alituletea maswali hayo kama kichekesho, tukacheka mpaka machozi.

Hatukucheka tena. Dereva wa gari jeupe alipigwa risasi kwenye makorongo kabla ya Kasoli, asubuhi ambayo dume lilikwenda kunywa maji. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye maiki. Karani alikuwa akiniuliza mbona dume halijafika, nami nikimjibu subiri, subiri, na kumbe mtu amelala kwenye vumbi.

Kazi ya marehemu ikapewa mume wangu. Masanja alikuwa akiendesha lori la marobota, na gari jeupe lilikuwa na mshahara mzuri zaidi. Nilimwambia akatae. Akasema watoto hawali woga wangu. Tangu siku hiyo woga wangu ulipata jina na sura, na sikuwa na asubuhi ya amani. Kila ruhusa iliyopita mikononi mwangu ilikuwa ni kusema, hadharani au kwa siri, mume wangu atapita wapi.

Ndipo makao makuu wakaleta kompyuta. Mtaalamu alikuja nayo kutoka Mwanza kwa basi, ameipakata mapajani njia nzima. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani, aliyezoea kueleza jambo mara mbili bila kuudhika. Aliiunga na laini ya simu kwa kisanduku kinachoitwa modemu, ambacho kikipiga simu kinalia kama paka aliyekanyagwa. Kisha akatukalisha, Meneja na mimi, akatueleza.

Alisema ndani ya kompyuta yetu kuna programu inayoitwa mteja, na Mwanza kuna mashine inayohudumia, yaani seva. Mteja ndiye anayeanza, kama mdogo anavyoanza kumsalimia mkubwa. Anapiga, anasema mimi ni fulani na lugha ninazozijua ni hizi. Seva inaitika, wanachagua lugha moja. Kisha wanapatana siri ya mazungumzo ya siku hiyo, na kuanzia hapo kila herufi inasimbwa, yaani inavurugwa kwa siri hiyo, hata anayetega sikio kwenye waya anasikia makelele tu. Nilimuuliza wawili wanapatanaje siri ilhali kila mtu anawasikia. Alieleza kwa hesabu. Sikumwelewa, na mpaka leo sielewi vizuri, ila nilikubali kama ninavyokubali kwamba ndege ya chuma inaruka.

Lakini palikuwa na jambo moja nililolielewa upesi kuliko alivyotazamia. Siri hiyo inaweza kuwa imara kabisa, na bado ukawa umepatana na mwizi. Mtu anaweza kukaa katikati, akajifanya Mwanza kwako na kujifanya Bariadi kwa Mwanza, na kila upande ukafurahi kwamba unaongea kwa siri. Ndiyo sababu seva ina ufunguo wake wa kujitambulisha, na ufunguo huo una kifupi chake kiitwacho alama ya kidole: mlolongo wa tarakimu na herufi, mbili mbili. Siku ya kwanza programu inakuonyesha alama hiyo na kuuliza, unamkubali huyu? Ukikubali, inaikariri, haikuulizi tena. Mtaalamu alikuwa ameinakili alama Mwanza, mbele ya mashine yenyewe, akaja nayo mfukoni. Tukalinganisha moja moja na zilizokuwa kwenye kioo cha kompyuta. Zikalingana. Nikabonyeza ndiyo.

"Ikikuuliza tena siku nyingine," alisema, "maana yake aliyeitika si yule. Usikubali, wala usiandike neno la siri, mpaka mtu unayemjua akuthibitishie kwa njia nyingine."

Sasa mimi sikuiamini kumbukumbu ya kompyuta. Ingeweza kusahau, au kusahaulishwa. Niliitaka alama ile kichwani mwangu, na kichwa changu hakishiki tarakimu kavu. Nikafanya walivyofanya mama zetu walipolima kwa zamu, shamba la huyu leo na la yule kesho, jembe likishuka pamoja na wimbo. Niliitia alama kwenye sauti ya wimbo wa kulimia ambao mama yangu alikuwa akiuanzisha, herufi nikizitamka kwa Kiingereza. *Tisa efu, nne mbili, bi saba, sifuri i.* Pale ambapo kundi la wanawake lingeitikia, nikaweka nusu ya pili, inayoishia *si tano, moja nane, di di*, na hiyo di di ya mwisho nikaivuta kama jembe linavyotolewa ardhini. Niliimba nikifua, nikisonga ugali. Masanja aliuliza ni wimbo wa kabila gani. Nilimwambia ni mashine ya Mwanza inajitambulisha, akacheka, na baada ya siku chache nilimsikia akiuitikia uani huku anaosha gari.

Msimu mmoja ulipita salama. Mume wangu alikwenda na kurudi. Niliiheshimu ile kompyuta kama mkunga.

Halafu ikaja asubuhi ya gulio la Kasoli, katikati ya msimu uliofuata. Karani alikuwa ameshaita redioni mara kadhaa kwamba watu wamejaa, mizani ya mshindani imesimama ng'ambo ya barabara, na wazee wanauliza kama kampuni imefilisika. Meneja alikuwa anatembea tembea nyuma ya kiti changu. Masanja alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo wa gari kidoleni. Nilipiga. Modemu ikalia. Badala ya kuulizwa neno la siri kama siku zote, kioo kikajaa onyo: kitambulisho cha mashine ya mbali kimebadilika, huenda mtu anasikiliza, je, unakubali kuendelea? Na chini yake alama.

Nikajaribu kuiimba. Iligoma kuanzia hatua ya kwanza. Ilianza kwa *saba ei*, na hapakuwa na kitu ndani yake ninachokijua. Nilikata simu, nikapiga upya. Alama ileile ngeni.

Nilikwenda kwenye redio. Bwana wa Mwanza aliitika, nikamsalimia mpaka mwisho nikihakikisha ni yeye, nikamuuliza kama kuna mgeni kwenye mashine yao. Hakujua lolote. Chumba cha mashine kilikuwa kimefungwa, mtaalamu alikuwa safarini Shinyanga, wakubwa walikuwa kikaoni. Akasema atauliza.

"Bonyeza ndiyo, Mama Limi," Meneja alisema. "Kasoli wanangoja."

Nikasema siwezi, aliyeitika simjui.

"Umepiga namba ya Mwanza. Nani mwingine ataitika?"

Meneja alinyoosha mkono juu ya bega langu, akabonyeza mwenyewe. Onyo likasogea juu ya kioo, programu ikauliza neno la siri, na neno hilo nililijua mimi peke yangu ofisini. Kimstari cha mahali pa kuandika kikawa kinawaka na kuzimika, kinangoja. Nilikitazama nikaona makorongo. Nikiandika, na kama ni mwizi, nimempa ufunguo wetu, nimempa saa, nimempa njia, naye anaweza kunijibu kwa jina la Mwanza apendavyo: pitisha gari huku.

Meneja aliinama akasema polepole, na upole wake uliniogopesha kuliko ukali. "Unamlinda mumeo kwa hasara ya kampuni."

"Ndiyo," nilisema. "Namlinda."

Mhasibu na makarani waliokuwa wamekusanyika wakacheka. Masanja hakucheka. Mwanamume kusikia mkewe anasema hivyo mbele ya wenzake si jambo dogo kwetu, na niliona shingo yake imevimba. Akasema, "Mama Limi, andika, twende kazini."

Hilo liliniumiza kuliko yote. Niligeuka nikamtazama, nikamwambia, "Baba Limi, anayeuliza simjui."

Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, nikatambua kwamba alikuwa anaisoma ile alama iliyobaki juu kwenye kioo, anaijaribu kwenye wimbo kama nilivyoijaribu mimi. Kisha alikwenda ukutani, akatundika ufunguo wa gari kwenye msumari. "Basi hatuendi," alisema, akatoka nje.

Gari halikwenda. Kasoli kulikuwa na ghasia. Wakulima wengine walilala juu ya magunia yao, wengine walivuka barabara wakauza kwa mshindani aliyeshusha bei alipoona hatuji. Bibi mmoja alimtumia Meneja salamu kwamba ada ya mjukuu wake imeliwa na kompyuta. Mimi nilisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Nilirudi nyumbani na mume asiyesema nami, na nilipika chakula ambacho hakuna aliyekila.

Mtaalamu alifika Bariadi kwa basi lililofuata. Aliniita ofisini mbele ya wote, akaeleza. Mashine ya Mwanza ilikuwa imekufa, ikawekwa nyingine, na mashine mpya ina ufunguo mpya. Waliosahau kutuarifu ni watu wa makao makuu. Safari hii, alisema, hapakuwa na mtu katikati. Alisema pia kwamba nilifanya nilivyoagizwa, lakini hayo hakuna aliyeyasikiliza. Nilirudishwa kazini, na nikapewa jina, Mama Simjui, ambalo baadhi ya watu sokoni wananiita hadi leo.

Nitasema ukweli uliokuwa moyoni mwangu. Nilitaka pawe na majambazi. Nilitaka sana. Nilimtuma mdogo wangu kuulizia kwa watu wanaokaa karibu na makorongo kama siku ile waliona wageni, watu wasioitikia salamu, pikipiki iliyofichwa. Hawakuona mtu. Niliuliza tena kwa mlango mwingine, jibu likawa lilelile. Masanja aliposikia ninavyohangaika alivunja kimya chake. Tulikuwa uani, jua linazama.

"Mimi sitaki wawepo," alisema. "Bora nichekwe."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia tangu apewe gari lile, kwamba kila asubuhi ya safari, akishafika kwenye makorongo, magoti yake yalikuwa yanagongana, na kwamba siku ile alipotundika ufunguo yalitulia. Kumbe nyumba yetu ilikuwa na waoga wawili, na mmoja alikuwa anaendesha gari.

Alama mpya niliitungia wimbo mwingine, nikautumia kazini. Wa zamani haukuwa na kazi tena kwa kampuni, ukawa wetu. Masanja alipokuwa akirudi safari, usiku hasa, hakugonga. Alisimama nje ya mlango, mimi nikaimba kutoka ndani, *tisa efu, nne mbili,* naye aitikie nusu yake mpaka *di di*, ndipo nitoe komeo. Majirani walidhani tumeingia dini mpya.

Kampuni ile ilikufa kama nyingine. Nilifanya kazi kwa kampuni iliyoinunua, kisha halmashauri, nikihamishwa dawati hadi dawati, programu hadi programu. Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa, minara ikasimama, na mtoto wa shule akawa na mtandao mfukoni. Nilistaafu salama. Wanangu wananicheka ninaposoma kila onyo la simu kabla ya kubonyeza. Wao wanakubali tu, kama mtu anayemfungulia kila anayegonga. Vijana wa kazi hii, mimi sina hekima ya kuwaachia. Nina woga wangu, na siwezi kuwathibitishia kwamba uliwahi kumwokoa mtu hata mmoja. Mume wangu alizeeka. Huo ndio ushahidi nilio nao, na najua si ushahidi.

Mwaka alioumwa, ugonjwa ulimpanda kichwani. Alimsahau Meneja, akasahau magari, akamuuliza Limi, binti yetu, wewe ni nani. Asubuhi moja niliingia wodini na uji, nikamsalimia. Aliniangalia kwa woga, akavuta shuka hadi kidevuni, akajisogeza ukutani. Nilisimama na bakuli langu katikati ya chumba. Nilikuwa nimeogopa wageni maisha yangu yote, sasa mgeni ni mimi.

Nikaweka bakuli chini. Nikaimba polepole, wagonjwa wengine wakigeuka kunitazama. *Tisa efu, nne mbili, bi saba, sifuri i.* Nikafika mwisho wa nusu yangu, nikanyamaza, nikangoja.

Midomo yake ilianza kucheza. Aliitikia kwa sauti ya kukwaruza, akipotea na kurudi, mpaka *si tano, moja nane*. Hapo pumzi ikamwishia. Di di ya mwisho niliivuta mimi.

Masanja akashusha shuka, akanisogezea nafasi kitandani.